Jinsi Nilivyotua kwenye Jaruba la Mama Yustina

Nyie mlioniuliza kwenye grupu kama ni kweli Mwalimu Paskalia amedondoka na ndege huko Mpimbwe, jibu ni hapana. Sikudondoka, nilitua. Anayedondoka hana nafasi ya kuchagua shamba, na mimi nililichagua langu kwa macho yangu mawili, nikalizunguka mara moja na nusu, nikatua vizuri kuliko baadhi yenu mnavyoegesha pikipiki. Sasa nimeoga, nimelala, na ninawasimulia yote tangu mwanzo ili muache kuniongezea chumvi.

Kwa wasiojua, ndege yetu ni glaida. Haina injini. Inavutwa na pikapu kwa kamba ndefu mpaka ipae, halafu rubani anaiachia kamba na kutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Ukiipata, unazunguka ndani yake mpaka juu, kisha unateleza kwenda mbele ukaitafute nyingine. Ukiikosa, unatafuta shamba. Wenye ndege ni wawili: mimi, mwalimu wa fizikia hapa Mpanda, na Mzee Anselmi, fundi mstaafu wa mashine za kukoboa mpunga, ambaye ndiye aliyenifundisha kuirusha.

Mwezi wa saba nilitua Litapunga kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, na matuta yakalikwaruza bawa la kushoto. Mzee aliliziba mwenyewe, lakini kiraka kilibaki na manundu na rangi ya manjano manjano. Hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kuna jamaa wa Arusha anaitaka hiyo ndege, na kwamba ikipata mkwaruzo mwingine hata mmoja, itauzwa. Mzee Anselmi akipaza sauti anatania. Akiishusha, kaa ukijua neno limekwisha. Kwa hiyo safari hii nilikuwa na kazi moja tu, kuirudisha ndege nyumbani bila mkwaruzo.

Mpanda hadi Sitalike

Tulianza saa tano asubuhi, mwezi wa tisa, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Mpango ulikuwa niende kusini mpaka niyaone maji ya Ziwa Rukwa, nigeuze, na saa kumi niwe Mpanda nakunywa chai. Mzee alinifunga mikanda, akaikaza kuliko kawaida, akaniambia nisiwe na tamaa. Nikamwambia sina. Mtaona.

Nilipoiachia kamba, nilizurura juu ya mashamba kwa dakika kumi nikishuka tu, nikaanza kuona aibu ya kurudi kabla hata vumbi la pikapu halijatulia. Walioniokoa ni tumbusi. Wanne walikuwa wanazunguka bila kupiga bawa, na mimi sina kiburi mbele ya tumbusi, nikaenda nikajiunga nao. Mmoja aligeuza shingo akanitazama kwa muda mrefu, jinsi tunavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenyewe. Tulipanda pamoja mpaka nikasikia baridi, nikawaaga, nikaelekea Sitalike.

Pale mtoni maji yalikuwa yamebaki kidogo, na viboko wamebanana humo kama maharage kwenye sufuria iliyokauka. Kutoka juu hawanuki, na hiyo ni moja ya faida za usafiri huu.

Sitalike hadi Mamba, juu ya hifadhi

Hapa sitawadanganya, niliogopa. Ukivuka Sitalike unaingia hifadhini, na hifadhini hakuna kutua. Yaani utatua, lakini wa kukupokea watakuwa nyati. Nilikaa juu sana, nikaacha kuimba, nikawa nahesabu moyoni kama nina kimo cha kutosha kufika Kibaoni. Kimo kilitosha. Nilipoyaona mabati ya kwanza upande wa pili niliimba tena, na wanaonijua mnajua kwamba hapo hata tumbusi wangehama.

Mbele ya Mamba niliona ziwa. Lilikuwa utepe mweupe tu kwenye ukungu wa vumbi, na mtu mwenye akili angesema nimeliona, nageuza. Mimi nikasema ngoja nilione vizuri. Nilikwenda dakika tano zaidi. Nilipogeuza, hewa ilikuwa imekufa. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umetandaa chini ya jua, ardhi imepoa, hakuna kinachopanda. Kile kiraka chenye manundu nacho kikafanya kazi yake ya kuivuruga hewa juu ya bawa, ndege ikashuka upesi kuliko nilivyotaka. Sikulaumu kiraka. Tamaa ilikuwa yangu.

Nikaanza kuchagua shamba. Majaruba ya mpunga yana kingo za udongo, na ukingo mmoja unatosha kuivunja ndege. Nikaona jaruba moja refu, pana, limevunwa, halina nguzo wala kisiki, limelala kuelekea upepo. Nikalizunguka. Mabua yalianza kupiga tumboni mwa ndege, yakapiga zaidi, kisha kukawa kimya. Ukingo ulikuwa hatua nane mbele ya pua. Nilishuka, nikazunguka ndege nzima nikiipapasa. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nilicheka peke yangu kwa sauti, katikati ya shamba la watu.

Jaruba

Watu walifika upesi. Walizunguka ndege wakitafuta injini, wakachungulia mbele, wakachungulia nyuma, na kijana mmoja wa bodaboda akatangaza kwamba imedondokea njiani. Baadhi wakataka kurudi kuitafuta. Ilinichukua muda kuwatuliza.

Mwenye shamba alikuja mwisho, bila haraka, kitenge kimefungwa kiunoni. Ni mama wa miaka sitini hivi, Mpimbwe wa hapo hapo Mamba, jina lake Yustina. Niliomba radhi kwa kuingia shambani kwake bila hodi. Aliniuliza kama nimeumia, kama nimekula, na kama nina watoto, kwa mpangilio huo. Ndipo akaniambia jambo lililonikata maini. Mabua ya jaruba lile alikuwa ameshayatoa kwa mfugaji, na ng'ombe wangeingia mchana ule ule.

Ambao hamjawahi kumiliki glaida hamuwezi kujua ng'ombe ni nini. Wanaipenda. Wanailamba, wanajikunia kwenye mkia, wanapitisha pembe chini ya bawa. Nilimpigia simu Mzee Anselmi, nikamwambia nimetua salama Mamba, aje na tela. Aliuliza swali moja, kama kuna mkwaruzo. Nikasema hakuna. Nikiwa bado nina simu sikioni nikaliona vumbi, na ndani ya vumbi pembe.

Mwenye ng'ombe alikuwa Msukuma, Mzee Masanja, mrefu, ana fimbo begani na redio ndogo shingoni. Alinisikiliza, akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Uso wake ukafunguka wote. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani, mnajua wenyewe, na mtani akikukuta kwenye shida ndiyo sikukuu yake.

“Wanyamwezi mlibeba mizigo kichwani mpaka Pwani,” aliwaambia watu. “Leo mzigo umeambiwa umbebe Mnyamwezi, umemtupa kwenye mabua yangu.”

Nikamwambia afadhali sisi, maana Msukuma akipewa ndege swali lake la kwanza ni inakamuliwa wapi. Watu walicheka mpaka Mama Yustina akaketi chini. Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Masanja alikubali ng'ombe wazuiwe mpaka kesho, vijana wake wakate miiba na kuizungushia ndege boma. Lakini alinitoza faini ya utani: kwa kuwa nimelalia malisho yake, mchana ule nitachunga mimi. Ndama wake thelathini walitakiwa kwenda kunywa maji lamboni, na mchungaji ni mwalimu.

Kumkatalia mtani huwezi, hasa mbele ya watu. Niliogopa kuiacha ndege. Mama Yustina akaniambia niende bila wasiwasi. “Mimi nipo hapa,” alisema. “Hakuna ng'ombe atakayeigusa nikiwa nina macho.”

Mamba hadi lamboni na kurudi, kwa miguu

Nimefundisha kidato cha pili miaka kumi na mbili, nikidhani najua maana ya kuswaga viumbe wasiotaka kwenda mbele. Sikujua. Ndama mmoja mwekundu aliniona tangu mwanzo kwamba si mtu wa kazi, akawa anageuka kila hatua ishirini na wenzake wanamfuata. Masanja alitembea pembeni, mikono nyuma, akinisifia kwa Kisukuma maneno ambayo nusu nilielewa na nusu nashukuru sikuelewa.

Tulipokuwa mbali na watu alizima redio. Akaniuliza, sasa bila utani, kama kweli sikutumwa kuhesabu mifugo kutoka juu, nani ana wangapi na nani kaingia wapi. Nikamwambia hapana, nilitaka kuona ziwa tu. Alilifikiria hilo kwa muda. Mtu mzima, ana kazi ya serikali, anakwenda kuangalia maji na kurudi. Naona aliamini kwa sababu hakuna mwongo angetunga sababu ya kijinga namna ile. Akawasha redio, na mpaka lamboni alinieleza ng'ombe wake mmoja mmoja, na mimi nikamweleza tumbusi wanne.

Tulirudi saa kumi na moja. Boma la miiba lilikuwa limekamilika, zuri, ng'ombe wako mbali. Mama Yustina alikuwa ndani ya boma, ameinama juu ya bawa la kushoto, ndoo ya maji pembeni, anasugua.

Nilikimbia. Alikuwa na majani ya msasa mkononi, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na bakuli la majivu. Alikuwa akisugua bawa jinsi mnavyosugua sufuria iliyoungua. Juu ya kile kiraka cha manjano, na mbele yake na nyuma yake, sehemu ndefu kama mwili wa mtu mzima, mng'ao wote ulikuwa umetoka. Weupe ulikuwa umefifia, umekuwa kama chaki.

“Lilikuwa na doa,” aliniambia, jasho linamtoka, amefurahi. “Siwezi kumrudisha mgeni na doa lile, mwanangu. Watu watanisema.”

Niambieni nyie, ningesema nini? Mama wa watu ameshinda juani akinifanyia wema. Nilisema asante. Nikaenda nyuma ya mkia nikachuchumaa, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimekwepa nyati, kingo na ng'ombe mia tatu, na ndege yangu imeuzwa kwa ajili ya usafi.

Jioni alinipikia wali wake mwenyewe, ule wenye harufu, na kuku wa kienyeji. Nilikula vizuri, nisiwadanganye. Huzuni yangu haijawahi kufika tumboni.

Kumsubiri mzee

Mzee Anselmi alikuwa afike jioni ile ile. Hakufika. Kwanza tela lilipata pancha Sitalike, kisha giza likaingia, naye hapiti hifadhini gizani. Asubuhi akapiga simu kwamba kundi la tembo limesimama barabarani. “Hawana haraka,” alisema, “na mimi nimeamua nisiwe nayo.” Kila alipopiga, niliazimia kumwambia habari ya bawa. Kila mara nikamuuliza habari ya barabara. Nilishapanga nitasema ni mimi niliyeomba lisuguliwe.

Alifika saa nne. Alishuka, akasalimia watu wote, akapokea salamu za Mama Yustina aliyepiga magoti kidogo, akapeana mikono na Masanja aliyeleta ng'ombe wake na kuwasimamisha nyuma ya ukingo. Halafu akaanza kuizunguka ndege. Ana tabia yake: hakagui kwa macho. Anayafumba, anapitisha kiganja. Alianzia kulia, akapita puani, akaja kushoto. Kiganja kikafika kwenye kiraka, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

“Nani kafanya hii?”

Nikafungua mdomo, lakini Mama Yustina alinitangulia. “Ni mimi, baba. Nilitoa doa. Kama nimekosea mnisamehe, mwalimu hakuwepo.”

Mzee aliuliza ametumia nini. Akaletewa majani ya msasa na bakuli la majivu. Aliyanusa majivu, akayasugua katikati ya vidole, akapitisha jani kwenye ukucha wake. Ndipo na mimi, mwalimu wa fizikia, nikathubutu kuweka kiganja pale kwa mara ya kwanza tangu jana. Manundu hayakuwepo. Bawa lilikuwa laini kutoka mwanzo mpaka mwisho, huwezi kujua kiraka kinaanzia wapi. Mng'ao unarudishwa kwa nta na kitambaa, mchana mmoja tu. Manundu ndiyo yaliyokuwa yamemshinda mtu tangu mwezi wa saba.

Ilikuwa imebaki sehemu ndogo upande wa chini. Mzee alipiga goti, akachovya jani, akaanza kusugua. Jani likadondoka. Akaliokota, akasugua mara mbili, likadondoka tena. Nikaona vidole vyake vinatetemeka, si kidogo. Nilijiuliza nilikuwa wapi muda wote huo, mimi ninayefanya naye kazi kila Jumamosi.

“Mikono hii haiwezi tena, Mwalimu,” alisema bila kunitazama. “Tangu mwaka jana. Kile kiraka nilikipaka nikijua sitaweza kukisugua. Mkwaruzo ulikuwa kisingizio tu. Niliona bora iuzwe ikiwa nzima kuliko nije kukuua wewe kwa kazi mbovu.”

Nililia, safari hii mbele ya watu, wala sikujali. Mama Yustina alikusanya kitenge, akapiga goti pembeni ya mzee, akaokota lile jani.

“Mimi mikono ninayo, baba,” alisema. “Nionyeshe wapi.”

Akamwonyesha. Mzee alifumba macho, akaweka kiganja, akasema hapa, mama akasugua. Akapapasa tena, akasema bado. Akapapasa tena, akasema tosha. Ilichukua zaidi ya saa nzima, mzee akiwa amefumba macho na mama akiwa ametoa ulimi pembeni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayejifunza kuandika. Masanja alilalamika kwamba ndege ya Kinyamwezi inaogeshwa kuliko ng'ombe wake wote, lakini hakuondoka, na nilimwona akichungulia kila mara mzee aliposema tosha.

Mamba hadi Kibaoni, kwa tela

Tulichomoa mabawa kwa msaada wa kijiji kizima, tukayalaza kwenye tela, tukafunga. Ng'ombe waliingia jarubani kabla hata hatujawasha gari. Mama Yustina alitupa furushi la majani ya msasa, akamwambia mzee yasianikwe juani, na akaniambia mimi nisipite tena Mamba bila kusalimia. Nikamwambia mama, nikipita juu nitasalimiaje? Akasema hilo ni tatizo langu.

Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, tukaenda polepole. Mzee aliendesha, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakuificha tena, na mimi sikujifanya sioni. Karibu na Kibaoni aliniuliza kama mwalimu wa fizikia anaweza kufundishika kusugua. Nikasema ana kichwa kigumu lakini anaweza.

Kibaoni tulisimama kula ugali na samaki wa migebuka, kwenye kibanda chenye meza mbili. Sahani zilipofika tu, simu ya mzee ikaita. Aliangalia jina, akanisukumia. Alikuwa jamaa wa Arusha.

“Mwambie ndege ina wenyewe,” alisema mzee, akavunja tonge.

Nikapokea, nikasalimia, nikamwambia. Jamaa akauliza kwa heshima wenyewe ni wangapi, labda angeweza kuzungumza na mmoja wao. Nikamtazama mzee anayekula. Nikamwambia ni watatu na hakuna anayeuza, nikarudisha simu mezani, tukaendelea kula.